Pipa la Nguruwe wa Mama Mulcahy

Jumatatu, 6 Machi 1854
New York. Mvua ya barafu.

Barney Scully, mkuu wa genge letu la wazima moto, Majogoo, ametangaza kuwa imebaki nafasi moja tu. Tunaoigombea ni wawili, mimi na Dinny Hickey. Kazi ni kukalia pipa: kengele ya moto ikilia, wenzetu wanavuta pampu kwa kamba, na mmoja anatangulia mbio, anafunika bomba la maji la mtaani kwa pipa na kulikalia. Hainuki, hata apigwe, mpaka pampu yetu ifike. Genge la Mashati Meupe wakipata maji kabla yetu, ni aibu ya mtaa mzima.

Atakayeharibu, Scully kasema, atatupwa mtoni na viatu vyake. Sijui kuogelea! Tena Hickey ana makalio kama meza. Mimi mifupa mitupu.

Jumanne, 7 Machi
Nimepata pipa. Ni la Mama Mulcahy, mjane ninayepanga kwake. Humo ndimo anamowekea nguruwe wake maganda ya viazi. Nimelimwaga, nimelisuuza mara tatu. Bado linanuka.

Jioni aliniuliza kama nimeliona. Nikasema sijaliona. Akanitilia supu. Sikuweza kuimaliza.

Jumatano, 8 Machi
Nimepata wazo! Kwa nini nisubiri kengele? Pipa likae juu ya bomba la kona yetu kuanzia leo. Moto ukitokea, nakwenda mikono mitupu, nakaa, basi. Hickey atakuwa bado anakimbia na la kwake mgongoni, ulimi nje. Na moto ukitokea mtaa mwingine? Sitaki kuwaza.

Nimepita kulitazama mara nne. Mara ya nne nimemkuta nguruwe wa Mama Mulcahy akilinusa na kulisukumasukuma. Nikamfukuza. Mpango hauna kasoro.

Alhamisi, 9 Machi
Kengele! Saa nne asubuhi. Jiko la Mama Mulcahy linawaka. Nyumba ninayolala! Mungu anisamehe, nilifurahi. Ni hatua chache tu kutoka kwenye pipa langu.

Nikakimbia. Pipa lipo. Nikakaa. Mashati Meupe wanane wakafika, wakaniona, wakanivamia. Mjini hapa hakuna anayetafuta bomba. Watu wanatafuta mtu aliyekalia pipa. Nimepoteza jino la pembeni. Sikuinuka. Hickey naye akafika, akatua pipa lake, akaegemea kitu huko nyuma, akinitazama kwa wivu.

Mama Mulcahy akaja, masizi usoni.

"Phelim mwanangu, inuka wapate maji. Nyumba inaungua."

"Siwezi, mama. Niko kazini."

"Hilo si pipa langu?"

Nikamwambia tutaongea baadaye. Sikuinuka.

Hatimaye pampu yetu ikafika. Nikasimama, damu puani, kifua mbele. Nikainua pipa. Chini yake kulikuwa na matope na ganda moja la kiazi.

Nguruwe alikuwa amelisukuma hatua kumi. Bomba lilikuwa nyuma yangu muda wote. Ndilo Hickey aliloliegemea.

Moto ulizimwa na Mama Mulcahy na majirani kwa maji ya kufulia. Jiko limekwisha. Nyumba imepona.

Ijumaa, 10 Machi
Nimetupwa mtoni. Na viatu. Kabla ya hapo nilimweleza Scully kwamba kosa ni la nguruwe.

"Basi nafasi ningempa yeye," akasema. "Angalau aliifanya kazi yake."

Kampa Hickey. Na ni Hickey huyo huyo aliyenivuta kutoka majini kwa kamba. Sitamsamehe.

Jumamosi, 11 Machi
Nilidhani Mama Mulcahy atanitupia virago nje. Hakunitupia. Amechukua pipa lake, amenipikia uji kwa sababu ya jino, akasema kuanzia leo nitamlisha nguruwe kila asubuhi. Nimeona aibu mpaka nimelia. Nimemwahidi sitagusa tena kitu chake.

Mchana akaja mjumbe wa Mashati Meupe. Hawajawahi kuona mtu anapigwa namna ile bila kuinuka. Wananitaka! Ila niende na pipa.

Nimekaa nikafikiri vizuri. Kosa langu nimeliona: pipa lilikuwa jepesi. Beseni la kufulia la Mama Mulcahy ni la shaba, watu wawili hawalinyanyui kwa urahisi. Nguruwe hataliweza. Nilimuuliza mama kama bado analihitaji. Akasema hilo ndilo lililotuokolea nyumba, hataliachia hadi afe.

Kesho Jumapili atakuwa misani mpaka saa tano. Nimelipima. Linapita dirishani.