Ujira wa Kufukua Sanduku la Bwana Mihuri

Nianze na kosa langu. Hadithi hii niliwahi kuisimulia kwenye arusi moja kule Kigwena, nikasema karani Mbaraka alikuwa mujinga. Kumbe wajukuu zake wako palepale, wanakula pilau. Leo naisahihisha: alikuwa mujinga wa saa moja tu.

Zilikuwa siku za Wadachi, Wajerumani wale. Tangazo lilibandikwa Rumonge, liko na mihuri mitatu: kila paa litalipa rupia tatu kwa mwaka. Na paa, kwa mujibu wa Serikali, ni kitu chochote kinachozuia mvua isifikie kilicho chini yake. Aliyeliandika, Mudachi mkubwa wa posti, kituo cha Serikali, watu walimwita Bwana Mihuri. Sheria ilikuwa na busara sana. Mabanda ya kuku yalilipa. Mwamini, muke wa Mbaraka, alilipia mwavuli.

Kukusanya Bwana Mihuri aliweza. Kuandika hakupenda. Miaka miwili stakabadhi zilitupwa ndani ya sanduku, mpaka ikaja barua kutoka Usumbura: mkaguzi anafika Ijumaa. Hapo ikaundwa Kamati ya Kukadiria Ujira wa Karani. Wajumbe wawili: Bwana Mihuri, na askari Asmani ambaye kazi yake ilikuwa kukubali.

Mbaraka, mwandika hesabu wa duka la Hadji Nasoro, akaitwa aziandike stakabadhi zote daftarini. Sanduku likafunguliwa. Juu karatasi tatu, nyeupe, zimenyooka kama kanzu ya Idi.

"Bei?"

"Rupia tano, Bwana Mkubwa."

"Kamati imekubali," akasema Asmani.

Muhuri ukapigwa. Kazi isipokwisha Ijumaa, viboko ishirini na tano.

Nyumbani Mbaraka akapindua sanduku. Chini ya zile tatu, karatasi zimegandana kwa mawese. Nyingine mchwa wamekula majina. Katikati, yai.

Mwamini akacheka mpaka akashika ukuta.

"Baba Asiya! Pale sokoni Magara hununui kapu la samaki wa ndagala bila kuzamisha mukono mpaka chini. La Mudachi umetazama juu tu?"

"Lilikuwa na mihuri."

"Muhuri si chumvi, hauzuii kuoza. Rudi ukaombe nyongeza."

Akarudi. "Bwana Mkubwa, bei ile ni ya karatasi za juu. Za chini ziko na bei yao."

"Mkataba umeshapigwa muhuri."

"Basi nipe fungu moja katika kumi la deni nitakalofukua, alilipe mudaiwa mwenyewe juu ya deni lake."

Bwana Mihuri akatabasamu. Deni, alivyolijua yeye, ni ugonjwa wa wenyeji. Akaongeza kifungu kwa mukono wake: kila mudaiwa atalipa palepale, mbele ya watu, au viboko vilevile. Akapiga muhuri mara nne.

Siku tatu Mwamini alikausha karatasi kwenye mkeka wa kuanikia ndagala, mumewe akaandika. Ijumaa, sokoni, mkaguzi akaketi, Mbaraka akasoma.

"Rumonge yote imelipa. Wengine mara mbili. Mapaa yasiyolipiwa miaka miwili iko kumi tu. Nyumba ya posti. Jiko. Ghala. Jela. Choo cha Bwana. Choo cha mugeni wa Bwana. Banda la mbwa. Hema. Kibanda cha mulinzi. Na la kumi, kofia ya Bwana Mkubwa."

"Kofia si paa!"

"Kwani mvua inafika kilicho chini yake, Bwana?" akauliza Mwamini, mwavuli kwapani.

Mkaguzi akasoma tangazo. Akasoma kifungu. Akahesabu mihuri yote: minane.

"Iko sawa," akasema. "Rupia sitini. Na karani apewe zake."

"Kamati imekubali," akasema Asmani kwa mazoea, akaenda kuleta kiboko.

Bwana Mihuri akapapasa mifuko. Akapata rupia kumi na moja: tano za mkataba, sita za fungu. Mbaraka akazipokea kwa mikono miwili, akashukuru. "Murakoze, Bwana Mkubwa." Mifukoni ukabaki muhuri.

Basi akawageukia wavuvi, wauza mawese na wenye mabanda ya kuku. Akavua kofia.

"Jamani," akasema, neno ambalo hakuwahi kuwaita, "nani atanikopesha rupia sitini?"

Mwamini akafungua mwavuli wake, uliolipiwa.

"Hata ishirini?"