Maganda Hamsini na Benchi la Baba

Jumapili, 15 Septemba
Mashindano ya klabu ya shabaha ni Jumamosi hii. Mshindi hukalia benchi la kwanza mwaka mzima, lile lililo chini ya paa, kando ya jiko la kuni. Baba alilikalia hadi alipofariki. Sasa analikalia jirani yangu Verlin Haugstad, tena ameliwekea mto. Mto! Nalitaka benchi lile kuliko ninavyopenda kukiri.

Bunduki ninayo, ya marehemu Baba. Mimi na Verlin tulipanuliwa chemba za bunduki zetu, pale ganda la risasi linapokaa, na fundi mmoja, mtindo mmoja, kwa hiyo ganda la dukani huingia likipwaya. Lazima lifyatuliwe mara moja humo ndani, livimbe, lichukue umbo. Ndipo unalijaza baruti upya nyumbani, na hapo linalenga sawasawa. Nina maganda hamsini mapya. Kazi ya punda.

Nimejaribu njia ya wazee: baruti kidogo, unga wa semolina juu yake, nta mdomoni mwa ganda, risasi hakuna. Unaelekeza mtutu juu. Nilifyatulia mlangoni mwa gereji. Upepo wa Montana hauna adabu, na mashuka ya mke wangu Arlys yalikuwa kambani. Arlys aliuliza kama na uji wa asubuhi nitaupikia kwenye mtutu. Nimepigwa marufuku kukaribia kabati la jikoni.

Jumatatu, 16 Septemba
Wazo! Limenijia nikipiga mswaki. Chemba ya Verlin ni kama yangu. Nitampa yale maganda yangu hamsini yakiwa risasi kamili, azifyatue kwenye mazoezi, anirudishie maganda tu. Bega litakalouma ni lake. Wajinga ndio waliwao.

Nilimpelekea na soseji ya kulungu asije akashuku. Verlin alinitazama, akauliza kama nina homa. Nikamwambia jirani ni jirani. Akasema haya, mradi nisije kutangaza mjini kwamba aliniomba.

Arlys alitaka kujua kama chemba mbili zinaweza kulingana kabisa, maana hata viatu vya saizi moja havilingani. Nikamwambia haya ni mambo ya kitaalamu.

Jumatano, 18 Septemba
Milio inasikika kutoka uwanjani. Nimekaa barazani na kahawa. Kila mlio ni kazi ambayo sikuifanya mimi.

Verlin alipiga simu kunishukuru. Anasema hajawahi kulenga vizuri hivi, na wala mazoezi hayajamgharimu kitu. Nilimpongeza. Ana roho nzuri, maskini.

Alhamisi, 19 Septemba
Maganda yamerudi yameoshwa, yanang'aa. Kabla ya kuyajaza nilijaribu moja, tupu, kwenye bunduki yangu. Komeo la bunduki halikufunga. La pili, vilevile. La kumi nililigonga kwa nyundo ya mpira. Arlys alimchukua mbwa, wakatoka.

Yote hamsini yamechukua umbo la chemba ya Verlin, ambayo ni pana kuliko yangu kwa unywele. Kifaa cha kuyabana upya ni cha kuagiza, hadi Novemba. Arlys alichukua viatu vyake. Alivivaa polepole tu, mbele yangu.

Ijumaa, 20 Septemba
Wazo kubwa zaidi! Maganda yanaifaa bunduki ya Verlin. Basi kinachokosekana ni bunduki ya Verlin. Na akichukua yangu, hatakuwa na ganda hata moja lililokwisha kuvimbia humo. Ndege wawili kwa jiwe moja.

Nikapendekeza tubadilishane. Aliuliza mara mbili kama nina hakika, kwani hii si ya Baba, marehemu Mzee Tesdahl? Nikasema mtutu ni mtutu. Nilikifuta kitako chake kwa mkono wa shati kabla ya kuitoa. Vumbi, nadhani. Verlin akataka niongeze soseji, nikaongeza.

Jumamosi, 21 Septemba
Nimekuwa wa tisa. Tulishindana kumi, na wa kumi alisahau miwani. Darubini ya bunduki ya Verlin imewekwa kwa jicho la Verlin, jambo ambalo hakuna aliyenitajia.

Yeye alikuja na maganda mapya ya dukani, akayavimbisha palepale, katikati ya mashindano. Bunduki ya Baba haikujali. Risasi zote kwenye duara moja dogo. Ameshinda, na amerudi nyumbani na maganda yaliyoiva.

Akasema kwa sauti kwamba bunduki ya Mzee Tesdahl inalijua benchi lake. Watu walicheka. Nilicheka pia, nikachelewa kidogo. Iliniuma sana. Baadaye akaniambia, "Njoo ukae kidogo, Orval bwana, mto upo." Nikakaa. Ule mto ni mzuri.

Jumapili, 22 Septemba
Verlin amekuja asubuhi na bunduki ya Baba, ameipaka mafuta. Anasema hajalala vizuri. Anataka turudishiane, na soseji nisidai.

Nilikaribia kukubali. Hata mkono nilikuwa nimeshaunyoosha. Kisha nikakumbuka: maganda yangu hamsini hayaingii kwenye bunduki hiyo! Ningeyapeleka wapi? Nikamshukuru, nikakataa. Arlys alienda kukaa ndani ya gari.

Ila sikumwacha Verlin aondoke mikono mitupu. Kwa ajili ya mwakani nimempa risasi mia moja mpya, anifyatulie kwa bunduki ya Baba, anirudishie maganda tu. Aliziangalia, akaiangalia bunduki aliyoshika, kisha akakubali. Maskini Verlin, hajui kukataa.