Malalamiko Dhidi ya Mashine Iliyonikatalia Seti Tupu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo cha Sayansi,

Nakusalimu kutoka ofisi ya chini, ile inayoingia maji kila ziwa likifurika. Mimi ni Daktari Dalmas Ondiek, mwalimu wa hisabati, na ninaishtaki kompyuta.

Mwaka huu uliagiza kila uthibitisho wa nadharia ya seti uandikwe upya kwa lugha ya mashine, ili mashine iukague kabla kamati ya kupandisha vyeo haijakaa. Wangu ndio ungenipa uprofesa. Mashine imeukataa.

1. Niliandika, "Ni wazi kwamba seti tupu, isiyo na kitu ndani, ni moja tu." Ikajibu kwamba haioni uwazi wowote. Bwana Mkuu, nimesema hivyo darasani tangu niajiriwe na hakuna mtoto wa mtu aliyewahi kuniuliza. Niliona aibu, tena mbele ya wanafunzi.

2. Niliandika kwamba tukiwa na makarai ya samaki yasiyo na mwisho, tunachukua samaki mmoja kutoka kila karai. Ikauliza, kwa kanuni gani? Jameni! Mama Benta, muuza samaki wa soko la Kibuye, anakuchagulia ngege bila kanuni yoyote, na watu wanakula wanashiba.

3. Ugonjwa huu unaambukiza. Akello, mwanafunzi wangu wa uzamili, msichana mpole wa Ahero, sasa ananikatiza ubaoni: "Daktari, hiyo imetoka wapi?" Imetoka kwangu, kwani kuna mwingine? Leo wanauliza seti. Kesho watauliza wewe kiti hicho ulikipataje, na sisi wawili tunajua hilo halina uthibitisho.

4. Dawa ipo. Akello anasema jambo likiandikwa kuwa kanuni ya msingi, mashine hulikubali bila swali. Basi naomba kwa unyenyekevu mimi mwenyewe niandikwe kanuni ya msingi: lolote asemalo Ondiek ni kweli. Mkubwa hadaiwi maelezo.

Nisalimie Mama nyumbani, katibu wako, na wanakamati wote, hata wale wasionisalimu.

Wako mtiifu,
Dkt. Dalmas Ondiek

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, tarishi ameniletea uamuzi wa kamati yako. Nimenyimwa uprofesa kwa mstari mmoja: "Kamati imeridhika kwamba hafai." Imeridhishwa na nini? Nimeumia, Bwana Mkuu, na sinyamazi. Nataka sababu zote kwa maandishi, hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja. Akello ameshawasha mashine.