Sponji ya Dada Mkubwa

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa meno amekubali! Mapokezi tutaweka tangi la samaki, mbele ya benchi la wagonjwa, badala ya televisheni aliyoitaka Bi Kalenda. Bi Kalenda ni karani mwenzangu. Jina nimempa mimi, maana miadi ya kila jino anayo kichwani. Mwisho wa mwezi, mmoja wetu atakuwa mkuu wa mapokezi. Sitaki kujisifu, ila sijaona televisheni iliyomtuliza mtu anayesubiri kung'olewa gego.

Wageni wa chama cha madaktari wanakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Daktari anataka wakute samaki wanaogelea. Nikasema hilo ni jambo dogo.

Muuza samaki wa mapambo amesema si jambo dogo. Tangi jipya halina vijidudu vizuri, vile vinavyokula sumu inayotokana na kinyesi cha samaki. Huchukua wiki sita kuzaliana. Njia ya mkato ni moja: sponji kuukuu kutoka kwenye chujio la tangi lililokomaa. Ukihamisha sponji, umehamisha na vijidudu. Akauliza kama namjua mtu mwenye tangi la namna hiyo.

Namjua. Dada yangu mkubwa ana tangi lake mwaka wa nane huu. Ila Dada ukimwomba kitu hukupa pamoja na mawaidha. Sitamwomba.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kumsalimia Dada. Alishangaa. Nikasema nimemkumbuka tu.

Simu yake ikaita, akatoka kuongea nje. Nikafungua chujio. Sponji mbili! Nikachomoa moja, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko nikautia kwenye mkoba. Aliporudi mkono wangu ulikuwa umelowa hadi kiwiko. Nikasema nilikuwa nanawa. Akauliza tangu lini watu wananawa viwiko. Nikasema kazini siku hizi wametukazania usafi.

Nyumbani nikaitazama vizuri. Uchafu mtupu. Kahawia, inateleza, inanuka tope. Kitu kama hicho mbele ya wagonjwa? Nikaifua kwa maji ya moto na sabuni ya unga yenye harufu ya limau. Nikaisuuza mara mbili. Imetakata kama imetoka dukani leo.

Alhamisi, 6 Machi

Samaki sita wa dhahabu wameingia. Daktari alipiga makofi na glavu zake mkononi. Mzee mmoja mwenye shavu lililovimba aliwakodolea macho mpaka akasahau kuitika jina lake. Hata Bi Kalenda alisema wanapendeza. Nimeandika na saa: tatu na dakika kumi.

Jumamosi, 8 Machi

Povu juu ya maji. Samaki wote juu juu, midomo nje, wanahema. Mama mmoja akauliza wana nini. Nikasema wanamsalimia. Akawapungia mkono.

Mchana nikampelekea muuza samaki maji kidogo kwenye chupa. Akadondoshea dawa ya kupimia. Maji salama hubaki njano. Yangu yakawa kijani kibichi. Akauliza kama niliosha ile sponji. Nikasema kidogo. Kwa kitu gani? Kwa maji. Na nini kingine? Nikatazama dari. Na nini kingine, ndugu yangu? Nikasema na sabuni, lakini ya limau.

Akamwita mteja mwingine aje asikie.

Kumbe ule uchafu ndio ulikuwa mali yenyewe. Vijidudu nimevifua vyote. Akaniambia nitafute sponji nyingine, nisiifue, isikauke, na isafiri ndani ya maji ya tangi ilikotoka.

Jumapili, 9 Machi

Kwa Dada tena. Alifurahi mpaka nikaona haya. Mara mbili kwa wiki moja! Akasema tangu mama afariki hajaniona mara mbili kwa mwezi. Akapika. Akanipa kile kiti kizuri.

Maji ya tangi lake yameanza kuwa na ukungu. Ameona sponji moja haipo. Anafikiri aliisahau mahali siku aliyosafisha, ila hakumbuki ni wapi. Akasema labda ndiyo umri huo, ameanza kusahau. Nilijifanya hamnazo. Nikasema kusahau kidogo ni kawaida.

Alipokwenda kuosha vyombo nikachukua ile ya pili, pamoja na maji yake, nikaiweka kwenye kopo la mfuniko. Mahali pake nikachomeka mpya ya dukani, asipate wasiwasi. Naona nimefikiria kila kitu. Njiani nilipita kituo changu cha basi bila kushuka. Nadhani nilishiba mno.

Jumatatu, 10 Machi

Sponji ya pili imeingia. Samaki wawili wamekufa. Bi Kalenda aliwahesabu waliobaki kwa sauti, mbele ya mgonjwa, mpaka wanne, halafu akanitazama. Nikasema wawili wako mapumziko.

Nimebadilisha nusu ya maji. Nimetia dawa ya kuondoa klorini. Sijagusa sabuni.

Jumatano, 12 Machi

Maji maangavu! Kipimo ni njano kabisa! Samaki wanne wanakula kwa pupa. Daktari kapita mara tatu bila sababu yoyote.

Saa kumi Dada akapiga simu. Yule samaki wake wa kwanza, anayemwita Bwana Mkubwa, amelala ubavu. Sauti yake ilikuwa ya chini. Akauliza kama namjua mtu yeyote anayeelewa mambo ya samaki.

Nikamwelekeza kwa muuza samaki. Nilikwisha kata simu ndipo nikafikiri.

Alhamisi, 13 Machi

Saa mbili na nusu asubuhi Dada alikuwa ameketi benchini kati ya wagonjwa, kopo mapajani. Bi Kalenda akamuuliza ni jino gani. Akasema hana shida ya jino.

Akasimama mbele ya tangi. Muuza samaki, akasema, amemsimulia habari za mtu mmoja aliyefua sponji kwa sabuni ya limau. Wamecheka sana. Halafu Dada akamuuliza huyo mtu yukoje, naye akamweleza.

Nikasema mjini watu wengi wanafanana.

“Ile sponji ina uzi wa bluu,” akasema. “Niliishona mwenyewe ilipochanika.”

Nikatazama. Uzi wa bluu, kweli. Siku zote hizo sikuuona.

“Dada, nilitaka…”

“Ungeniomba ningekupa. Nusu ingekutosha.” Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. “Mdogo wangu, nimekaa siku nne najua nimeanza kusahau. Nimeandika vikaratasi nyumba nzima. Gesi, ufunguo, mlango.”

Benchi zima lilinigeukia.

Akaomba mkasi. Bi Kalenda alikuwa nao tayari. Dada akaitoa sponji, akaikata katikati, nusu akaitumbukiza kwenye kopo lenye maji, nusu akairudisha kwenye chujio langu. Kisha akamweleza Bi Kalenda namna ya kuwalisha: kidogo, mara moja kwa siku, na sponji isuuzwe kwa maji ya tangi tu. Bi Kalenda aliandika yote. Mimi hakunieleza neno. Hata mawaidha hakunipa.

Ijumaa, 14 Machi

Wageni wamekuja. Walisimama mbele ya tangi dakika nzima. Mmoja akauliza nani anawatunza samaki. Daktari akamshika Bi Kalenda bega. Mwisho wa mwezi haukusubiriwa: mkuu wa mapokezi ni yeye.

Mchana Dada alipiga simu ya mapokezi, akaomba kuongea na Bi Kalenda. Bwana Mkubwa amesimama, ameanza kula. Nikaenda stoo, nikakaa juu ya katoni za glavu mpaka nilipoitwa.

Jumatatu, 17 Machi

Daktari anataka mmea wa kutambaa juu ya dirisha la mapokezi, mkubwa, haraka. Yeyote atakayeuleta atakumbukwa. Mbegu zitachukua miaka. Ila fundi cherehani wa ghorofa ya chini ana mmea uliozunguka kuta zote nne za chumba chake. Nimeulizia habari zake. Ni mtu mkarimu ajabu, anayemwomba tawi hamnyimi.

Kila siku huenda kula saa saba. Nimeangalia dirisha lake la nyuma: halina komeo.