Kindi Waliokataa Kulala Julai

Kijiji Na. 4, ukingoni mwa msitu,
Embu.
19 Agosti 1955

Kwa Bwana DO, ofisa wa wilaya,
kwa mkono wa Hedimani Nyaga, ambaye ameombwa asiifungue.

Bwana Mheshimiwa,

Natumaini hujambo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mke wangu Rwamba, ambaye yuko katika selo yako, na ndiyo sababu ya kuandika.

Utakumbuka ulimfunga miezi mitatu kwa kuwa shamba letu lilikutwa limejaa magunzi matupu. Rwamba alisema mahindi yameliwa na kindi. Wewe ukatueleza barazani, kwa uvumilivu mwingi, kwamba kwenu Ulaya kindi hulala usingizi mzito majira yote ya baridi. Julai ni baridi. Basi waliokula ni watu wa msituni, wale wanaopigana na Serikali, na aliyewapa ni Rwamba. Mimi nilinyamaza, maana nilikuwa nimevaa makoti mawili na nisingeweza kukana baridi.

Kwa kuwa Serikali haikosei, nimeona kosa ni la kindi. Nawashtaki hivi:

1. Hawakulala. Mwezi mzima wa Julai, ukungu haujaondoka, wao tayari wanafukuzana juu ya mti wa muringa. Nilidhani ni ukaidi wa kindi wa huku mlimani, nikamwandikia shemeji yangu Kinyua kule Ishiara kwenye joto, ambako kuna aina nyingine, wale wa kuishi mashimoni. Amejibu kwamba hao nao hawalali, na kunde zake wamemaliza. Basi ni njama ya wilaya nzima.

2. Wanavuka handaki bila pasi ya kutoka kijijini. Tulilichimba kwa jembe na machozi ili kututenga na msitu, wao wanapita juu kwa matawi, kafyu haijaisha, chakula kinywani, wakielekea msituni. Rwamba hajafanya hata moja kati ya hayo.

3. Wanazaa bila kuandikishwa. Hedimani hutuhesabu langoni kila jioni. Kindi jike aliingia kwenye paa langu peke yake mwezi wa tano, na sasa wako wanne. Baba yao hajulikani aliko, jambo ambalo kwa binadamu lingetosha kuwatia wote kizuizini.

4. Wanaficha chakula ardhini, tena wanasahau walipoficha. Mahindi yameota katikati ya njia ya doria. Hedimani ameamuru niyang'oe, lakini nayamwagilia maji kwa sababu ni ushahidi.

Naomba moja kati ya mawili. Ama utoe amri kwa maandishi kwamba kindi wote wa Embu na Meru walale kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti, nami nitawasomea chini ya mti kwa Kiembu na Kiswahili. Ama umwachilie Rwamba. La kwanza linafaa heshima ya Serikali, la pili linanifaa mimi. Watoto hawali uji ninaopika, na nyumba haina mtu wa kunikemea. Naumia, Bwana, sitaficha.

Wasalimu wote wa nyumbani kwako, karani, askari wa selo na wake zao, na yule farasi wako.

Ni mimi, mtiifu wako nisiyelala vizuri,
Ndambiri wa Mbae

Nyongeza: Nimekwenda mjini, kwa pasi halali, kununua bahasha. Mwanamisi mwenye duka ameniambia kwamba Julai yote mpishi wako alikuwa akinunua njugu kwake kila Jumamosi, kwa sababu Memsahib, mkeo, hupenda kuwalisha kindi wanaokuja kwenye veranda yenu asubuhi. Kwa hiyo nawafutia kindi mashtaka yote, kumbe walikuwa wamealikwa. Sisemi Memsahib amelisha adui. Naomba tu, ikiwa aliyewalisha kindi Julai yuko nyumbani kwake anakunywa chai, basi yule ambaye hakuwalisha naye arudishwe kwake.