Ngamia Aliyepotea Upande wa Kulia

Jumatano, 28 Mei

Siku nzuri. Hapana. Mbaya.

Idd iko mlangoni na soko la mifugo la Garissa limejaa hadi barabarani. Langoni nimemkuta mama mmoja amesimama kimya, buibui jeusi, mtu wa heshima zake. Nimemsalimia. Hakujibu. Nimemuuliza hali ya watoto. Kimya. Nikadhani Kiswahili kinampa taabu, nikarudia kwa Kisomali, na dua juu.

Gunia la makaa.

Hakuna aliyeniona. Isipokuwa Bishar! Bishar ni dalali wa mbuzi kama mimi, na Mungu kwa hekima Zake akamfanya pia kaka wa mke wangu. Alisubiri nimalize dua ndipo akauliza, mbele za watu, kama makaa na watoto wao wote ni wazima.

Nimecheka kuliko wote. Moyoni nilikuwa nalia.

Daktari alishasema. Ukungu machoni hautaondoka, miwani haitafaa kitu, matone yatauzuia tu usizidi. Wanaojua ni daktari, mke wangu Arbia, na mimi. Ikijulikana sokoni nimekwisha. Nani atamkabidhi mbuzi wake dalali anayeombea makaa?

Na sasa hili: Mzee Duale wa Modogashe, ambaye kila Idd mimi ndiye humuuzia mbuzi, ametuma ujumbe. Amesikia maneno kuhusu macho yangu. (Bishar! Ni nani mwingine?) Jumatano ijayo anakuja mwenyewe anitazame usoni.

Nami nitamtazama usoni. Nikijua uso uko wapi.

NB: Naandika kwa kalamu nene, ile ya kuandikia magunia, na herufi kubwa kama ngamia. Ni mtindo tu.

Alhamisi, 29 Mei

Nina mpango!

Binamu yangu Ruweyda, muuza maziwa ya ngamia, haoni tangu utotoni. Lakini ana simu inayomsomea kila kitu. Akigusa kioo, simu inasema kilichoguswa. Akigonga mara mbili, inatii. Akiielekeza mbele, inamwambia kuna nini mbele. Sasa fikiria: simu kama hiyo ikining'inia kifuani mwangu, na uzi mmoja ukipita chini ya kofia hadi sikioni! Simu inaona. Inaninong'oneza. Mimi natamka kwa sauti ya mtu anayeona. Duale anapiga magoti. Sawa, hapigi magoti. Lakini anakabidhi mbuzi.

Nimekwenda kwa Ruweyda, nikamwambia nina rafiki mwenye shida ya macho anayetaka kujifunza. Akaniuliza kama ni rafiki yule aliyesalimiana na makaa.

Garissa hakuna siri. Kuna foleni ya watu wanaosubiri zamu ya kukucheka.

Hata hivyo amekubali kumfundisha "rafiki". Amechukua simu yangu, akaitia hizo programu mwenyewe, vidole vinaruka, simu inabwata kama mnadi mwenye haraka. Mimi sikushika hata neno. Amesema masikio yangu ni mavivu, yamelelewa na macho. Nisimguse mteja wala mbuzi kabla sijamkamata ngamia.

Ngamia gani?

Jumamosi, 31 Mei

Ngamia wa mchezo. Ameutia ndani ya simu yangu. Anaucheza hata akipima maziwa.

Uko hivi. Hakuna picha. Unavaa vidude masikioni na uko porini, upepo unavuma. Ngamia wako amepotea. Mahali fulani inasikika koor, kengele yake ya mbao, kok-kok, kok-kok. Ikilia kushoto unatelezesha kidole kushoto. Ikilia kulia, kulia. Ikikaribia, umekaribia. Ukizubaa, fisi anamfikia kabla yako, na ngamia analia kilio cha kukutoa machozi.

Nimejaribu asubuhi. Fisi ameshiba.

Nimejaribu baada ya adhuhuri. Fisi ameshiba tena, nadhani sasa anawaita jamaa zake.

Nikaona nitumie akili. Ngamia gani asiyeonekana? Nimejifunika shuka kichwani, kioo nimekisogeza hadi puani, nikatazama. Cheusi. Nikainamisha. Cheusi tititi! Nikampigia Ruweyda kumwambia simu imekufa. Alicheka mpaka nikasikia kikombe kikianguka. Akasema amezima mwanga wa kioo makusudi, kwa sababu ananijua tangu tulipokuwa tunachunga ndama wa babu, na hata wakati ule nilikuwa nahesabu ndama wa jirani.

Hiyo ilikuwa mara moja. Na walifanana.

Jumatatu, 2 Juni

Maendeleo. Ngamia akipotea kushoto, namkamata. Mashallah, kama mwewe! Akipotea kulia, fisi anakula. Kila mara kulia. Mchezo una kasoro, bila shaka. Nimemwambia Ruweyda kidude cha kulia ni kibovu. Amekitia sikioni mwake, akasema kinalia kama kengele ya shule. Nikamwambia basi ni upande wa kulia wa pori ndio mbovu. Amekirudisha mkononi mwangu polepole. Sikuupenda ule upole wake.

Lakini nani ana muda wa ngamia? Keshokutwa ni Duale! Nimeruka somo. Nimefungua programu ya kutazama peke yangu, nikaijaribu nyumbani. Sauti ni ya kiume, Kiswahili chake cha mtangazaji wa taarifa ya habari, kila "p" iko mahali pake, siyo kama sisi Wasomali tunaoigeuza "b". Nikaielekeza uani.

"Mbuzi wawili. Mmoja mweupe. Ndoo ya bluu."

Kweli tupu! Nikaielekeza kwa Arbia aliyekuwa akichambua mchele.

"Mwanamke mmoja. Anaonekana hana furaha."

Arbia akasema hicho kidude kina akili kuliko aliyekinunua. Akanitaka nimwambie Duale ukweli tu na nisiendelee na ujinga. Eti mzee wa watu si mtoto. Nikamwambia biashara ni uso. Akaniambia uso wangu ndio huo uliosalimia makaa.

Hata yeye!

Jumanne, 3 Juni

Mazoezi ya mwisho. Simu shingoni kwa kamba, kanzu nimeitoboa tundu dogo kifuani ili jicho lake lichungulie. (Kanzu ya Idd. Arbia hajui.) Kidude kimoja kwenye sikio la kulia, kwa sababu kofia yangu hulalia upande huo na kukificha vizuri. Kile cha kushoto nimekikunja mfukoni.

Nimetembea uani. Sikusikia kitu. Nikaongeza sauti. Bado. Nikaongeza mpaka mwisho. Kwa mbali, kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi, nikasikia "...ndoo..."

Inatosha! Mnong'ono ndio niliotaka.

Arbia ametoka jikoni kuuliza ni nani anapiga kelele za ndoo humu ndani.

Jumatano, 4 Juni

Hata sijui nianzie wapi. Naanza na ndevu.

Mzee Duale alikuja mapema na kundi lake, mbuzi wanono, vumbi jekundu hadi magotini. Mwenyewe mrefu, fimbo mkononi, na ndevu ndefu amezipaka hina mbichi kwa ajili ya Idd, nyekundu kama jua la magharibi. Hayo nimesimuliwa baadaye. Mimi niliona wingu lenye kitu chekundu.

Salamu zikaenda vizuri. Ngamia hawajambo, mvua haijambo, visima havijambo. Nikasifu mbuzi kwa jumla, nisitaje rangi. Sikioni, kimya cha mtungi. Lakini nikatikisa kichwa kila mara kama mtu anayeona mengi.

Hapo ndipo Bishar alipojitokeza. Ana mnunuzi kutoka Nairobi, anamtakia mbuzi wote wa Duale. Waryaa Korane, akaniita, leta mkono tuongee. Nikafurahi! Sisi madalali hatutaji bei kwa mdomo. Tunafunika mikono kwa shali na vidole ndivyo vinavyozungumza: ukikamatwa kidole kimoja ni bei hii, viwili bei ile, na mguso juu ya mguso ni nyongeza. Aliyesimama pembeni haambulii kitu. Na hapo macho ya nini? Chini ya shali hata Bishar ni kipofu!

Nikanyoosha mkono. Wakati huohuo simu ikaanza kutetemeka kifuani. Nikaingiza mkono kanzuni haraka niinyamazishe, nikaishika, nikaitoa, na kabla sijairudisha shali la Bishar likatua juu ya mkono wangu pamoja na simu. Akavuta, kama anavyovuta siku zote, kwa pupa. Uzi wa sikioni ukachomoka.

Sauti niliyokuwa nimeipandisha hadi mwisho ikatoka nje yote. Taarifa ya habari! Soko zima, na malori ya upande wa pili wa barabara:

"Mbuzi mmoja mzee. Ndevu nyekundu. Uhakika: mdogo."

Simu ilikuwa imechungulia kwenye pindo la shali. Ilikuwa inamtazama Mzee Duale.

Watu hawakucheka. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Walivuta pumzi.

Bishar, maskini, mikono yake ina mazoea yake, ikaendelea na kazi. Akatafuta vidole vyangu anipe bei ya mnunuzi wake. Akapata kioo. Akagonga kwa vidole viwili, mara mbili. Kwetu hiyo ni bei ya mwisho, chukua au acha. Kwa simu ya Ruweyda, vidole viwili mara mbili ni kupokea simu inayoita. Na kwa kuwa Ruweyda hupokea huku mikono yake iko kwenye mitungi ya maziwa, simu yangu ameipanga kama yake: kila anayepiga anatokea kwenye spika.

Aliyekuwa akipiga ni Arbia.

Akauliza, kwa sauti ya mwanamke aliyekwisha kupiga mara kadhaa, kama nimeyaacha matone ya macho dirishani kwa makusudi. Akasema nisithubutu kujibu eti naona, asubuhi nimeaga jerikeni. Akasema pia ameokota uani kipande kilichokatwa kwenye kanzu ya Idd. Halafu akatuma salamu kwa Mzee Duale, kama nimefanikiwa kumtambua.

SASA watu wakacheka. Mbuzi wenyewe waliacha kutafuna.

Nikatamani ardhi inimeze. Nikasema, mbele ya wote, kwamba ni kweli, sioni vizuri, tangu mwaka jana, na kwamba sikutaka kumpoteza mteja wangu. Nikamwambia abti Duale, yaani mjomba kwa heshima, ampe Bishar mbuzi wake, nami nitatafuta kazi ya kuuza kitu kisichotembea.

Duale akagonga fimbo yake chini. Kisha akaniuliza kama nakumbuka Idd iliyopita, aliponiuliza ni yupi beberu wake nami nikamwonyesha punda wa muuza maji, nikamsifu mgongo. Amejua tangu siku ile, alisema. Amekuja leo kuona kama nitasema mwenyewe au atalazimika kunisubiri hadi sote tufe. Na mbuzi hawezi kumpa mwingine, akasema, kwa sababu dalali anayeona vizuri sana humtenga mbuzi mnono pembeni akamuuzia jamaa yake, na hapo aligeukia upande wa Bishar. Dalali asiyeona hana uchaguzi. Humuuza kila mbuzi kama ndiye bora.

Sharti lake moja: simu ikae nje ya kanzu, iseme kwa sauti, kila mtu asikie anachouziwa. Na irekebishwe kuhusu ndevu.

Tumeuza wote kabla ya alasiri! Watoto walitufuata, kila mbuzi anasomewa kama habari za saa moja. Bishar alinijia mwishoni, akaongea chini kwa chini, akauliza programu hiyo inaitwaje. Eti ni kwa rafiki yake.

Ruweyda amesikia yote kutoka kwenye mitungi yake. Amesema ningesema ukweli wiki iliyopita, ningekuwa na kanzu ya Idd.

Ana haki. Nimejifunza. Wallahi nimejifunza. Mtu asifiche udhaifu wake. Aibu ya kusema ni ya dakika, aibu ya kuficha inatangazwa kwenye spika. Nimeandika hili kwa herufi kubwa zaidi.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeamka mtu mpya. Mwepesi! Mkweli! Nimemwambia Arbia kuwa kuanzia leo sina la kuficha duniani. Amesema inshallah, akaendelea kushona tundu la kanzu.

Nikakaa nicheze na ngamia wangu kwa raha. Kushoto, namkamata. Kulia, fisi. Kushoto, namkamata. Kulia, fisi. Nikaghadhibika. Nikaamua kuthibitisha mara moja kwamba kidude cha kulia ni kibovu. Nikabadilisha: cha kulia nikakitia sikio la kushoto.

Kok-kok, kok-kok. Safi kabisa, kama ngamia yuko uani.

Cha kushoto nikakitia sikio la kulia.

Upepo. Hata upepo hapana.

Nimevitoa. Nimevirudisha. Nimepangusa. Nimesoma bismillahi. Kidude hiki, sikio hili, inasikika. Kidude hikihiki, sikio lile, pori limekufa.

Basi. Sikio moja tu, la pembeni pembeni huko. Dalali asiyeona wanamvumilia, ana simu. Lakini dalali asiyeona NA asiyesikia? Nani atampa mbuzi? Duale akijua? BISHAR akijua?

Hakuna haja ya kumsumbua mtu yeyote. Nina mpango. Nitasimama daima ubavu wa kulia ukutani, watu wote wanijie kushoto. Kofia nitaigeuza ilalie upande mwingine. Nikiulizwa jambo kutoka kulia, nitatabasamu na kusema alhamdulillahi, jibu linalofaa karibu kila swali.

Ruweyda amepiga simu sasa hivi kuuliza kama nimempata ngamia wa kulia. Nimemwambia nimempata zamani, mzima, amenona.

Arbia amesimama mlangoni muda mrefu. Upande wa kulia, nahisi. Huenda ameuliza kitu.

Nimemwambia alhamdulillahi.