Ishirini na Nne Nukta Sita

Jumatatu, 4 Mei

Mwalimu wa kemia ametangaza: Alhamisi, jaribio la vitendo maabarani. Atakayeshindwa, jina lake linatolewa kwenye orodha ya watakaofanya kemia katika mtihani wa mwisho. Alisema hivyo akiniangalia mimi. Darasa zima likageuka, likaniangalia pia. Asanteni sana, jamani!

Nyumbani sikusema kitu. Ningeanzia wapi? Mama ni fundi cherehani, na kila mteja anayekuja kupimwa nguo anaondoka akijua kwamba mwanawe atakuwa mfamasia. Leo amenishonea koti jeupe la maabara kwa kitambaa kilichobaki kwenye mapazia ya mtu. Ukilisogeza karibu unaona maua. Akasema nijitazame kwenye kioo. Nikajitazama. Kweli nilipendeza! Ndipo nilipoona aibu, maana mara ya mwisho niliposhika bureti, ile neli ndefu ya kupimia yenye koki chini, niliifungulia juu ya kiatu changu.

Jumatano, 6 Mei

Mpango! Nimejitolea kumsaidia fundi wa maabara kuosha vyombo. Akashangaa, akasema vijana wenye moyo kama wangu wameadimika. Nilijisikia vibaya. Kidogo. Kabla ya kila jaribio yeye hulifanya mwenyewe kwanza, kisha huandika jibu kwenye daftari lake. Daftari lilikuwa wazi kando ya sinki. Asidi inayotakiwa kuondoa rangi ya waridi kwenye chupa: mililita 24.6. Nilivunja neli mbili kwa furaha.

Kipimo alinikuta mlangoni. Huyu ni msichana wa meza yetu, tunamwita hivyo kwa sababu huinama mpaka jicho lilingane na alama ya bureti na kuhesabu matone kama anampa mtoto dawa. Akaniuliza kama ningependa tubaki jioni anielekeze. Nikamwambia ahsante, najiweza. Wivu tu huo.

Alhamisi, 7 Mei

Ushindi! Nimemaliza kwa dakika kumi na tano. Bureti niliijaza kwa heshima tu, koki sikuigusa. Nikaandika 24.6 mara tatu, na kwenye nafasi ya maelezo nikajimwaga: rangi ya waridi ilififia taratibu, kisha ikatoweka ghafla pasipo kuacha alama. Nikatoka wa kwanza, koti linapepea. Kipimo alikuwa bado ameinama, amekunja uso. Maskini.

Ijumaa, 8 Mei

Ardhi ipasuke inimeze! Fundi wa maabara alikosea. Chupa ya asidi ya meza yetu aliijaza maji. Maji matupu! Wenzangu wote wa mezani walinyoosha mikono kusema kwamba rangi haitoki ng'o, wakabadilishiwa chupa. Wote isipokuwa mimi, niliyekuwa nje nikitembeatembea ili nionekane.

Leo mwalimu amesoma maelezo yangu mbele ya darasa. Polepole. Jina hakutaja, ila wote walijua ni nani wa meza ile aliyewahi kutoka. Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye kiti. Fundi wa maabara hakucheka. Alisimama mlangoni akinitazama, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Baadaye mwalimu akaniita pembeni. Akasema atanipa nafasi moja tu, Jumatatu, peke yangu, na wala hataki jibu sahihi: niandike nilichokiona kwa macho yangu, basi. Nilitaka kulia. Nimeapa kubadilika.

Jumatatu, 11 Mei

Nimefikiri siku mbili nzima. Niandike nilichokiona! Mbona maneno hayo yana mtego? Ni wazi ameweka maji tena, aone kama nitadanganya. Sikuzaliwa jana! Nikakaa mbele ya bureti robo saa, mikono mapajani, kisha nikaandika kwamba rangi haikubadilika hata kidogo. Nikaongeza aya nzima juu ya uaminifu.

Mwalimu akaisoma yote. Akanyoosha mkono, akafungua koki. Tukasubiri sisi wawili, matone yakidondoka. Ilipofika ishirini na nne na ushei, waridi likatoweka. Ni mara ya kwanza kuliona jambo hilo katika miaka yangu yote ya kemia. Linapendeza sana.

Jumanne, 12 Mei

Mama ameitwa shule. Alivaa gauni lake la kutokea, akidhani napewa zawadi. Mwalimu akamweleza yote. Jina langu limetolewa.

Tulipofika nyumbani alikaa kwenye cherehani bila kushona, mwishowe akauliza taratibu: "Kwa hiyo, mwanangu, hata hiyo koki kuifungua tu hukuifungua?" Nikasema hapana, mama. Sijawahi kuona aibu namna hii. Nilitamani anipige yaishe.

Akaingia mteja, akauliza mfamasia wetu hajambo? Mama akasema hajambo. Akaendelea kumpima mabega bila kuinua macho. Hapo machozi yakanitoka.

Basi nimeapa upya, na safari hii ni kweli. Aibu hii nitamfutia mama kwa jasho langu mwenyewe. Biolojia bado wanapokea. Jaribio lao ni Ijumaa: unaangalia kwenye hadubini, unachora unachokiona. Kaka wa jirani alilifanya mwaka juzi na bado ana michoro yake. Nimeshaanza kuinakili. Wa tatu sijui ni wa kitu gani, ila nimeupaka rangi vizuri sana.